Barua za Wasomaji: Kemikali Zinazokaa Miaka Mingi Katika Maji, Udongo na Damu

Katika toleo lililopita tulichapisha habari fupi kuhusu kemikali zilizobuniwa viwandani ambazo, zikishaingia katika maji, udongo au mwili, hukaa humo kwa miaka mingi bila kuvunjika. Barua zilizotufikia baada ya hapo ni nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo, kwa hiyo nimechagua sita ambazo maswali yake yanawagusa wengi. Nimezifupisha, na majina ya waandishi nimeyaficha kama walivyoomba.

Swali: Nina vikaango viwili visivyonata nilivyonunua Kariakoo, na kimoja kimechubuka hadi chuma kinaonekana. Jirani yangu amesikia kwamba ule weusi wake unaleta saratani, akaniambia nivitupe vyote siku hiyo hiyo. Je, nimekuwa nikiwalisha wanangu sumu? – Mama wa Tabata, Dar es Salaam

Jibu: Dada yangu, kwanza ondoa hofu. Ule utando mweusi ni aina ya plastiki iitwayo PTFE, ambayo wengi tunaijua kwa jina la kibiashara la Teflon. Mkemia Roy Plunkett wa kampuni ya DuPont ya Marekani aliigundua kwa bahati mwaka 1938, na sifa yake kubwa ni kwamba haishikani na kitu chochote. Kipande kidogo kikibanduka na kuingia katika chakula, hupita tumboni na kutoka kama kilivyoingia. Hatari inayojulikana vizuri jikoni ni ya moto: kikaango kikiachwa kitupu juu ya jiko la gesi hadi joto lipite nyuzi 260, utando huanza kuharibika, na joto likizidi kupanda hutoa moshi unaoweza kumletea mtu homa na kubanwa na kifua, na ambao huua upesi ndege wanaofugwa ndani ya nyumba. Tia mafuta au chakula kabla ya kuongeza moto, tumia mwiko wa mbao, na kile kilichochubuka kiache kwa kuwa hakifanyi tena kazi uliyokinunulia.

Swali lako hata hivyo lina upande wa pili, na huo ndio unaonisumbua mimi zaidi. Ili kutengeneza utando huo, viwanda vilitumia kwa miongo mingi kemikali nyingine iitwayo PFOA, iliyo mmoja wa ukoo wenye maelfu ya kemikali unaojulikana kwa herufi PFAS. Katika kemikali za ukoo huu atomu za kaboni zimefungamana na atomu za florini, na kifungo hicho ni miongoni mwa vifungo vyenye nguvu zaidi katika kemia yote ya kaboni, hata jua, bakteria wa udongoni na tindikali ya tumboni vinashindwa kukikata. PFOA iliyobaki katika kikaango kilichokamilika ilikuwa kidogo sana. Nyingi ilibaki kule kiwandani, ikatoka kwa bomba la moshi, kwa mfereji wa majitaka na kwa malori ya taka.

Yaliyotokea Parkersburg, katika jimbo la West Virginia, yanastahili kusimuliwa kwa kirefu. Mfugaji Wilbur Tennant alikuwa akiwanywesha ng'ombe wake katika kijito kilichopokea maji yanayotiririka kutoka jalala la DuPont. Ng'ombe zaidi ya 150 walimfia. Aliwapasua mizoga kwa mikono yake mwenyewe na kurekodi kwa kamera ya video meno yaliyogeuka meusi na viungo vya ndani ambavyo hakuwahi kuviona vikiwa na rangi ile, kwa sababu alikuwa amekosa mtaalamu wa kumsikiliza. Mwaka 1999 wakili Rob Bilott alifungua kesi kwa niaba yake, na nyaraka ambazo kampuni ililazimika kuzitoa zilionyesha kwamba kwa miaka mingi ilikuwa ikijua kuwa PFOA imo katika damu ya wafanyakazi wake na katika maji ya bomba ya wakazi wa jirani, nayo ikanyamaza. Kesi iliyofuata, ya wananchi waliokuwa wakipata maji kutoka mamlaka sita za eneo hilo, ilizaa uchunguzi mkubwa ambapo watu wapatao 69,000 walitoa damu ipimwe. Kufikia mwaka 2012 jopo la wanasayansi lilikuwa limehitimisha kwamba PFOA yaelekea ina uhusiano na magonjwa sita, nayo ni saratani ya figo, saratani ya korodani, ugonjwa wa tezi ya thairoidi, vidonda vya utumbo mpana, lehemu nyingi katika damu, na shinikizo la damu la wajawazito. Mwaka 2017 DuPont na kampuni ya Chemours iliyotokana nayo zilikubali kulipa dola milioni 671 ili kumaliza kesi zaidi ya 3,500. Mwaka 2023 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka PFOA katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Kwa hiyo mtu aliyelipia urahisi wa kikaango kile kwa afya yake hakuwa mpishi, alikuwa jirani wa kiwanda. PFOA yenyewe iliingizwa mwaka 2019 katika orodha ya kemikali za kukomeshwa ya Mkataba wa Stockholm, yaani makubaliano ya kimataifa kuhusu kemikali zinazodumu. Ukisoma kwenye boksi kwamba kikaango hakina PFOA, maneno hayo yanaweza kuwa kweli na bado pakawa na nduguye aliyechukua nafasi yake; mwaka 2017 wakazi wa Wilmington, North Carolina, waliarifiwa kwamba mbadala mmoja wa namna hiyo, uitwao GenX, umo katika mto Cape Fear wanakopata maji ya kunywa. Utakapokwenda kununua kingine, kikaango cha chuma kizito au cha chuma cha pua kitakutumikia miaka mingi na hakina haja ya utando.

Swali: Tuliishi kambi ya Nyarugusu, Kigoma, tulikozoea kuchemsha maji. Sasa tuko Columbus, Ohio, na tumepata karatasi ya maelezo ya maji ya mji yenye neno PFAS. Mke wangu anachemsha maji yote ya kunywa na kuyapitisha kwenye mkaa. Inatosha? – Baba wa watoto wanne

Jibu: Ndugu yangu, kuchemsha kuliwaokoa watoto wenu na kuhara na kipindupindu kule kambini, lakini PFAS haina uhai wa kuuawa na moto. Maji yanapopungua kwa mvuke, kemikali hubaki katika yale yaliyosalia. Mkaa wa kupikia nao hausaidii. Kinachofaa ni mkaa uliotayarishwa kiwandani kwa namna ya pekee hadi ukawa na vitundu vingi vidogo mno, au chujio linalosukuma maji kwa nguvu kupitia utando mwembamba sana. Vyote viwili vinauzwa huko mliko kwa ajili ya bomba la jikoni. Tafuteni chenye alama ya NSF namba 53 au 58 na kinachotaja wazi kwamba kinapunguza PFAS, na mbadilishe kichujio kwa wakati ulioandikwa, kwa maana kilichojaa huanza kurudisha uchafu majini.

Kabla ya kutoa fedha, hata hivyo, someni tarakimu zilizomo katika karatasi hiyo, kwa kuwa neno PFAS kuandikwa tu si dalili ya hatari. Mwaka 2024 mamlaka ya mazingira ya Marekani iliweka kikomo cha nanogramu 4 katika lita moja kwa PFOA na kwa nduguye PFOS wa ukoo ule ule, na nanogramu ni sehemu moja ya gramu iliyogawanywa mara bilioni. Kama tarakimu zenu ziko chini ya hapo, nunueni chakula. Zikiwa juu, nunueni kichujio, na muulize mamlaka ya maji inafanya nini. Jimbo lenu linalifahamu jambo hili: Little Hocking, iliyo ng'ambo ya mto kutokea kiwanda cha Parkersburg nilichokitaja hapo juu, ni Ohio, na mwaka 2016 mji wa Dayton ulisimamisha baadhi ya visima vyake karibu na kambi ya jeshi la anga ya Wright-Patterson, ambako povu la kuzimia moto wa mafuta lilikuwa limetumika kwa miaka mingi. Povu hilo ndilo lililochafua maji karibu na viwanja vingi vya ndege duniani.

Jambo moja nawaomba mlizingatie kwa ajili ya watoto. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kutoka visiwa vya Faroe ulionyesha kwamba watoto wenye PFAS nyingi katika damu walikuwa na kinga ndogo zaidi baada ya chanjo za pepopunda na dondakoo. Maana yake si kuziacha chanjo. Ni kuhakikisha zote zimekamilika, na kumweleza daktari wa watoto kama maji yenu yatapatikana na kiasi kikubwa. PFOA ikikoma kuingia mwilini, nusu yake hutoka baada ya miaka miwili hadi mitatu na kitu, kwa hiyo maji safi leo yana faida hata kwa aliyekunywa machafu jana.

Swali: Nauza chipsi na viazi karai Changamwe. Kuna kijana hutuletea mafuta kwa bei ya chini mno na kusema hayaishi haraka kama ya dukani. Wenzangu wananong'ona kuwa ni ya transfoma. Yana madhara gani hasa, ilhali yakitokota kila kitu hufa? – Mama Chipsi, Mombasa

Jibu: Mama, yakatae hata akikupa bure. Moto wa jiko huua vijidudu na mayai ya minyoo, ila kemikali za kudumu kama zile nilizozieleza katika barua iliyotangulia hauziteketezi, na mafuta ya transfoma yalitengenezwa makusudi ili yavumilie joto mwaka baada ya mwaka bila kubadilika. Kule kutoisha anakokusifia huyo kijana ndiko kunakoyafanya yasifae kuliwa.

Transfoma nyingi za leo zina mafuta ya madini yatokanayo na petroli, ambayo nayo si chakula cha binadamu. Lakini kuanzia miaka ya 1930 hadi ya 1970 transfoma na kapasita nyingi duniani zilijazwa kemikali ziitwazo PCB, kwa kuwa haziwaki kwa urahisi na hazipitishi umeme. Marekani ilipiga marufuku utengenezaji wake mwaka 1979. Transfoma, hata hivyo, inaweza kukaa juu ya nguzo miaka 40, na fundi akitumia pampu na mapipa yale yale kuihudumia mpya baada ya kuukuu, PCB huhamia katika ile mpya. Kwa macho, kwa pua na kwa ulimi huwezi kuyatenga mafuta yenye PCB na yasiyo nayo.

Yatakayompata mlaji hatuna haja ya kuyakisia, kwa maana yalikwisha kutokea. Mwaka 1968, magharibi mwa Japani, kiwanda kimoja cha mafuta ya pumba za mchele kilikuwa kikitumia PCB ndani ya mabomba ya kupashia joto mafuta yake ya kula. Bomba likavuja. Ishara ya kwanza ilionekana kwa kuku: mamia ya maelfu yao walikufa mapema mwaka huo baada ya kulishwa chakula kilichochanganywa na mabaki ya mafuta ya kiwanda hicho, lakini mafuta ya watu yakaendelea kuuzwa. Baadaye mwaka huo huo watu walianza kufika hospitalini wakiwa na chunusi kubwa zenye vichwa vyeusi usoni na mgongoni, kope zilizovimba na kutoa uchafu, kucha zilizobadilika rangi, ganzi ya mikono na miguu, na uchovu usioisha kwa kupumzika. Baadhi ya wajawazito waliokula mafuta hayo walijifungua watoto wadogo kwa umbo, wenye ngozi iliyopiga weusi usio wa kawaida. Ugonjwa huo unaitwa Yusho, na zaidi ya watu 2,000 wametambuliwa rasmi kuwa waathirika wake. Mwaka 1979 mkasa ule ule ulijirudia Taiwan, vilevile kwa mafuta ya mchele na vilevile kwa watu wapatao 2,000. Huko watafiti waliwafuatilia watoto waliozaliwa na akina mama walioathirika, hata wale waliozaliwa miaka kadhaa baada ya mafuta kuondolewa sokoni, wakawakuta wako nyuma ya wenzao katika ukuaji wa akili. Mama alikuwa ameacha mafuta, ila mafuta hayakuwa yamemwacha.

Wachunguzi waligundua pia kwamba PCB ile, kwa kupashwa joto tena na tena, ilikuwa imezaa kemikali za furani, ambazo ni kali kuliko PCB yenyewe. Fikiria sasa karai lako linalotokota tangu asubuhi mpaka usiku, na kesho likaendelea na mafuta yale yale. Wapo pia wanaoyapaka mafuta hayo kwenye vidonda au viungo vinavyouma wakidhani ni dawa. PCB hupenya ngozi, kwa hiyo huko nako ni kujitia sumu.

Kwa mujibu wa Mkataba wa Stockholm, nchi wanachama, Kenya ikiwamo, zilipaswa kuondoa vifaa vyenye PCB kwenye matumizi kufikia mwaka 2025 na kushughulikia taka zake kwa usalama kufikia mwaka 2028. Kama bado una mafuta hayo, usiyamwage mtaroni wala usimpe fundi wa kuchomelea vyuma. Yatie katika dumu lenye kifuniko, liandike, uliweke mbali na watoto, na uiarifu ofisi ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, iliyo karibu nawe. Karai lenyewe libadilishe.

Swali: Nimezaliwa Gonja, Upare. Nikiwa mtoto, kabla ya Uhuru, watu wa afya walikuja kupuliza dawa katika kuta za nyumba zetu. Homa zilipungua kweli, ila nakumbuka kuku wa bibi walikufa wote. Leo nasikia kwenye redio kwamba dawa zile ni sumu ya kudumu na zimepigwa marufuku. Tulidanganywa? Pia, ghala la chama chetu cha msingi lina mapipa ya dawa za zamani ambayo hakuna anayejua mwenyewe. Tuyafanyeje? – Mzee wa Same

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Ulichokishuhudia kinajulikana kama Mradi wa Malaria wa Pare-Taveta. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1950, hadi mwaka 1959, nyumba za pande zote mbili za mpaka wa Tanganyika na Kenya zilipulizwa dawa iitwayo dieldrini. Malaria ilishuka sana, na vifo vya watoto wachanga vikapungua kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo hamkudanganywa kuhusu faida. Wapo watu wa rika lako ambao wasingefika leo bila dawa ile, na anayesimulia ubaya wa kemikali hizi bila kulitaja hilo hasemi ukweli wote. Upande wa pili ndio ulioelezwa kidogo. Dieldrini hushambulia mishipa ya fahamu, na katika nchi mbalimbali wapulizaji wenyewe walipata degedege. Kuku na paka walikufa, kama ulivyoona kwa bibi. Na dawa hiyo, iliyosifiwa kwa sababu ilidumu ukutani miezi mingi, ilidumu vilevile katika udongo na katika mafuta ya miili. Ni mojawapo ya kemikali 12 za kwanza zilizotajwa katika Mkataba wa Stockholm ulipopitishwa mwaka 2001.

DDT, ambayo nadhani ndiyo uliyoisikia redioni, ni ya ukoo ule ule wa kemikali za klorini. Paul Müller wa Uswisi aligundua mwaka 1939 kwamba inaua wadudu, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1948. Haiyeyuki katika maji bali katika mafuta, na hapo ndipo tatizo lake lilipo: kijidudu cha majini huichukua kidogo, dagaa hula vijidudu vingi, sangara hula dagaa wengi, na ndege mla samaki hupata jumla ya wote waliotangulia. Kozi na tai wa Ulaya na Amerika Kaskazini walianza kutaga mayai yenye maganda membamba yaliyovunjika chini ya uzito wa mama, na wakapotea katika maeneo makubwa hadi DDT ilipozuiwa. Marekani iliipiga marufuku mashambani mwaka 1972.

Mkataba wa Stockholm haukuifuta kabisa. Nchi zinaweza kuitumia kwa kupuliza ndani ya nyumba dhidi ya mbu pale mbadala unapokosekana, na mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani liliunga mkono matumizi hayo. Nakubaliana na msimamo huo. Mtoto wa kijiji chenye malaria ana haki ya kuishi, na gramu chache ukutani hazilingani na tani zilizomwagwa mashambani. Ninachokipinga kwa nguvu zote ni DDT inayotoroshwa kutoka kwenye kampeni ya mbu kwenda kwenye bustani za mboga, kwa maana huko inaingia moja kwa moja katika ule mnyororo wa walaji niliouelezea.

Kuhusu mapipa, naomba mlichukulie kuwa jambo la dharura. Huko Vikuge, wilayani Kibaha, dawa za kilimo zilizoletwa kama msaada kutoka Ugiriki mwaka 1986 ziliachwa katika banda wazi la shamba hadi banda lenyewe likabomoka. Mvua ikazichukua. Watafiti waliopima baada ya miaka mingi walikuta DDT na kemikali nyingine katika udongo na katika nyasi za eneo lile, nyasi ambazo ng'ombe hula. Kwa hiyo msiyazike, msiyachome, msiyauze kwa wanaotafuta mapipa ya kuwekea maji. Fungeni ghala, wekeni alama, na viongozi wa chama waandike barua kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu na nakala kwa NEMC, baraza la mazingira la Tanzania, wakitaja idadi ya mapipa na maandishi yoyote yanayosomeka. Barua ipelekwe kwa mkono na igongwe muhuri wa kupokelewa.

Swali: Nina mtoto wa miezi miwili. Nimesoma kwamba maziwa ya mama yana DDT na kemikali za plastiki. Nimwanzishie ya kopo? – Mama mzazi, Mwanza

Jibu: Hapana, mwanangu, endelea kumnyonyesha. Shirika la Afya Duniani, ambalo tangu mwaka 1987 limekuwa likiratibu upimaji wa kemikali hizi katika maziwa ya mama wa nchi nyingi, limeendelea wakati wote kushauri mtoto anyonyeshwe, na sasa linashauri apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza. Maziwa hupimwa kwa sababu yana mafuta na hupatikana bila sindano, hivyo yanaonyesha vizuri kilichomo katika miili ya watu wote, wanaume wakiwamo. Maziwa ya kopo huchanganywa na maji, na maji yana hatari zake ambazo huko Mwanza unazijua.

Maziwa hayo hayo ndiyo yaliyotupa ushahidi bora kwamba sheria husaidia. Nchini Sweden sampuli zilihifadhiwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. DDT na PCB zilishuka mwaka hadi mwaka baada ya kuzuiwa, huku kemikali nyingine, zile za bromini zinazotiwa katika makochi na vifaa vya umeme ili visishike moto, zikiongezeka maradufu kila baada ya miaka mitano hivi kati ya mwaka 1972 na 1997. Zilipoanza kuachwa, nazo zikashuka. Hakuna mama aliyebadilisha mlo wake ili jambo hilo litokee. Serikali na viwanda ndivyo vilivyobadilika. Kwa upande wako epuka viuatilifu nyumbani na shambani wakati huu, usipike kwa moto wa plastiki, na hudhuria kliniki.

Swali: Nafuga kuku wa kienyeji karibu na dampo la Dandora. Wanajitafutia chakula wenyewe, mayai yana kiini cha rangi nzuri, na wateja wanayapenda kuliko ya gredi. Mkaguzi mmoja amenitisha kwamba hayafai. Mbona ni ya asili? – Mfugaji, Nairobi

Jibu: Ndugu, mkaguzi ana hoja. Plastiki, hasa ile ya mabomba na ya nyaya za umeme yenye klorini ndani yake, inapoungua kwa moto hafifu wa jalala huzaa kemikali zenye sumu kali ziitwazo dioksini, ambazo huanguka na majivu, zikashika udongo wa juu na kukaa hapo miaka mingi. Kuku wa kujitafutia humeza udongo kila anapodonoa, na dioksini hukimbilia mafuta, ambayo katika yai yako kwenye kiini. Mwaka 2005 mtandao wa kimataifa wa IPEN ulipima mayai ya kuku wa kienyeji kutoka nchi 17, yakiwamo ya Dandora na ya Vikuge niliyoitaja hapo juu, na yale ya Dandora yalizidi kikomo cha dioksini kilichowekwa na Umoja wa Ulaya. Rangi ya kiini haionyeshi lolote kuhusu hilo.

Huna sababu ya kuacha ufugaji, ila badilisha mahali kuku wanapodonoa. Wafungie katika banda lenye sakafu ya saruji au mbao, wape chakula na majani yaliyotoka mbali na dampo, na usiruhusu majivu ya jalala yamwagwe humo, hata kama wengine huyatumia dhidi ya viroboto. Kuku ambao wamekwisha kula udongo ule watahitaji wiki nyingi kabla ya mayai yao kuwa nafuu, kwa hiyo kundi jipya la vifaranga ndani ya banda safi ni njia ya uhakika zaidi. Hadi hapo, mayai ya sasa usiwauzie wajawazito wala wenye watoto wadogo, na uwaeleze sababu. Kama mko wafugaji kadhaa, ombeni kwa pamoja kaunti iyapime mayai na udongo wa eneo lenu, kwa kuwa kipimo cha dioksini ni ghali mno kwa mfugaji mmoja na moto wa dampo lile hamkuuwasha ninyi.